Klova katika Malisho ya Ng'ombe wa Maziwa: Kwa Nini Hurutubisha, Hutoweka na Wakati Mwingine Huua

Waulize wafugaji watatu wa ng'ombe wa maziwa kuhusu klova, nawe unaweza kurudi na majibu matatu yanayopingana. Wa kwanza atasema kwamba tangu aichanganye na nyasi zake amepunguza mbolea ya kununua na maziwa yameongezeka. Wa pili atasema ilimstawia miaka miwili, na mwaka wa tatu akaitafuta asiione. Wa tatu atakumbuka asubuhi aliyomkuta ng'ombe wake bora amelala, ubavu wa kushoto umewambika kama ngoma, keshakufa. Wote watatu wanasema kweli, tena wanasimulia habari moja, nayo ni habari ya nitrojeni. Klova hujipatia nitrojeni kutoka hewani, na karibu kila jema na kila baya lake malishoni huanzia hapo. Mfugaji akiifuata nitrojeni hiyo kutoka kwenye mzizi hadi tumboni mwa ng'ombe, kisha akaifuata tena inaporudi ardhini kwa mkojo na samadi, mafumbo mengi ya mmea huu humfumbukia.

Klova ni ya jamii ya mikunde, ndugu wa maharage, njegere na lusini, na jenasi yake, Trifolium, ina spishi zaidi ya 200. Zinazotumika zaidi kwa ng'ombe wa maziwa ni mbili, na zote hupenda hali ya hewa ya ubaridi wa wastani na udongo usiokauka kwa muda mrefu. Klova nyeupe, Trifolium repens, hutambaa: mashina yake hulala juu ya udongo, na kila kifundo kinachogusa ardhi yenye unyevu huweza kuotesha mizizi yake chenyewe. Klova nyekundu, Trifolium pratense, husimama, huchipua kutoka kwenye shingo moja iliyo usawa wa ardhi, na huzamisha mzizi mkuu chini sana. Umbo ndilo linaloamua matumizi. Nyeupe huvumilia kung'atwa na kukanyagwa kila baada ya wiki chache, ilhali nyekundu hufaa zaidi kukatwa kwa ajili ya hei, yaani majani yaliyokaushwa, na sileji, yaani majani mabichi yaliyochachushwa bila hewa ili yahifadhike, na kwa kawaida haidumu zaidi ya miaka miwili au mitatu. Maelezo mengi yanayofuata yanahusu nyeupe, kwa kuwa ndiyo ya malishoni hasa.

Ili kuielewa, ni vizuri kuanzia chini ya ardhi. Chukua jembe dogo, uchimbe mche mmoja wa klova pamoja na bonge la udongo lililoshika mizizi yake. Usiuvute kwa mkono, maana unachokitafuta kitakatika na kubaki ardhini. Tumbukiza bonge hilo kwenye ndoo ya maji, liache lilainike, kisha litikise taratibu mpaka udongo uachie. Kwenye mizizi myembamba utaona vinundu, vingine vidogo kama kichwa cha pini, vingine vimerefuka kidogo, navyo havifiki nusu sentimita. Kipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi au wekundu wa nyama mbichi, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe, huenda bado ni kichanga au kimekaliwa na bakteria wasiofaa. Kikiwa cha kijani au kahawia, kimezeeka. Wekundu huo ni wa leghemoglobini, protini iliyo ndugu wa ile inayoipa damu rangi yake, na kazi yake ni kuwapimia bakteria oksijeni kidogo kidogo, kwa sababu kimeng'enya kinachonasa nitrojeni huharibiwa na oksijeni nyingi. Kwa maoni yangu hakuna kipimo cha shambani kinachofundisha mengi kwa gharama ndogo kama hiki, na nashangaa ni wafugaji wachache kiasi gani waliowahi kukifanya.

Wanaoishi ndani ya vinundu hivyo ni bakteria waitwao rizobia. Kwa karne nyingi wakulima waliona kwamba ardhi iliyooteshwa mikunde huzaa vizuri baadaye, ila hawakujua sababu. Mwaka 1886 Wajerumani wawili, Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth, walitangaza kwamba mikunde hupata nitrojeni ya hewani kwa msaada wa vijidudu vilivyo kwenye vinundu vyake, na miaka miwili baadaye Martinus Beijerinck wa Uholanzi akafaulu kuwatenga bakteria hao na kuwakuza peke yao. Mmea huwapa bakteria sukari iliyotengenezwa na majani, nao humpa mwenyeji wao amonia, ambayo yeye huigeuza kuwa protini. Makubaliano haya yana gharama kubwa kwa mmea, kwani kuigawanya molekuli moja tu ya nitrojeni hutumia molekuli zisizopungua 16 za ATP, ile sarafu ya nishati ya chembe hai. Kwa hiyo klova hainasi nitrojeni ila inapolazimika. Ikikuta udongoni nitrojeni iliyo tayari, huinywa hiyo kwanza na kuvipunguzia vinundu kazi. Tabia hii naomba msomaji aishike vizuri, kwa kuwa itarudi tena na tena.

Je, nitrojeni hiyo ni kiasi gani? Kanuni inayotumiwa kukadiria ni kwamba kila tani moja ya klova inayoota, ikipimwa ikiwa kavu, huambatana na kilo 25 hadi 30 za nitrojeni iliyonaswa. Tuseme hekta moja inatoa tani 10 za malisho makavu kwa mwaka na asilimia 30 ya uzito huo ni klova. Hizo ni tani 3 za klova, sawa na kilo 75 hadi 90 za nitrojeni. Urea ina asilimia 46 ya nitrojeni, kwa hiyo kilo 90 zingehitaji urea ya kilo 195 hivi, karibu mifuko minne ya kilo 50. Hesabu hiyo yenyewe inaonyesha upande mwingine pia: klova ikiwa asilimia 5 tu ya malisho, inayopatikana haizidi kilo 15 kwa hekta, na mfugaji anayeacha mbolea yote kwa sababu ameona maua machache meupe kati ya nyasi atavuna njaa.

Hapa huingia dhana ambayo huwapotosha wengi, kwamba mizizi ya klova humpa jirani yake nyasi nitrojeni mkono kwa mkono, siku ile ile. Sehemu ndogo hupita hivyo, lakini iliyo nyingi husubiri kifo au mdomo wa ng'ombe. Majani huzeeka na kuanguka, mashina na mizizi mikuukuu huoza, vinundu huchakaa, na vijidudu vya udongo huigeuza protini yao kuwa chakula cha nyasi. Njia nyingine ni ng'ombe mwenyewe. Katika nitrojeni yote anayokula, takriban robo ndiyo inayotoka kama maziwa. Iliyobaki hurudi ardhini kwa mkojo na samadi. Ndiyo maana malisho mapya yenye klova huonekana kama hayana faida katika mwaka wa kwanza. Nyasi bado zina njaa, mfugaji anaona rangi yake ya manjano, anaingiwa na wasiwasi, anamwaga urea, na kwa kufanya hivyo anaizima mashine aliyoinunua.

Basi twende kwa yule mfugaji wa pili, ambaye klova yake ilitoweka. Tazama kwa karibu pale ng'ombe alipokojoa mwezi uliopita. Utaona kiraka cha nyasi ndefu za kijani iliyokolea, na ukizifunua kwa vidole utakuta klova chache chini yake, au usizikute kabisa. Mkojo wa ng'ombe mmoja, ukimwagwa mahali pamoja, huweza kuweka nitrojeni inayolingana na mamia ya kilo kwa hekta, hata kukaribia 1,000. Nyasi zikishaipata hurefuka haraka na kuifunika klova, ambayo majani yake hukaa chini na mashina yake huhitaji mwanga ili yatoe matawi mapya. Jambo hilo linalotokea kwenye kiraka ndilo linalotokea polepole kwenye shamba zima. Udongo ukiwa maskini wa nitrojeni, klova ina nafasi kuliko nyasi kwa sababu ina chanzo chake, nayo husambaa. Ikisambaa, huutajirisha udongo. Udongo ukitajirika, nyasi huamka na kuisonga klova. Klova ikipungua, nitrojeni huisha taratibu, na miaka michache baadaye klova hurudi, iwapo mashina yake hayajafa yote. Mzunguko huu ni wa kawaida, na mfugaji anayeujua hulima kwa utulivu zaidi kuliko yule anayedhani kila upungufu ni ugonjwa au mbegu mbaya.

Lakini yapo mambo yanayougeuza upungufu wa kawaida kuwa kutoweka kabisa, na karibu yote yanatoka mikononi mwa mwenye shamba. La kwanza ni mbolea ya nitrojeni inayomwagwa mfululizo. La pili ni kuyaacha malisho yarefuke mno kabla ya kuingiza mifugo au kukata, maana giza la wiki kadhaa chini ya nyasi ndefu huyadhoofisha mashina yanayotambaa. Kulisha mpaka nyasi zibaki sentimita 4 hadi 5 kutoka ardhini, kisha kuzipumzisha kiasi cha kuota tena bila kuzeeka, huipa klova mwanga inaouhitaji. Kubana chini ya hapo kila mara nako kunaumiza, kwa sababu meno na kwato hufikia mashina yenyewe, hasa udongo unapokuwa umelowa. Jambo la tatu hujificha zaidi. Mche wa klova nyeupe ulioota kutoka kwenye mbegu huwa na mzizi mkuu, lakini mzizi huo hufa baada ya mwaka mmoja au miwili. Tangu hapo mmea huishi kwa mizizi mifupi ya kwenye vifundo vya mashina, ile isiyofika mbali ardhini. Ndiyo maana ukame ambao klova iliuvumilia katika mwaka wa kwanza unaweza kuimaliza katika mwaka wa tatu, na mfugaji akabaki kujiuliza kulikoni.

Swali linalofuata kwa kawaida ni kiasi gani cha klova kinatosha. Wataalamu wengi wa malisho hulenga wastani wa asilimia 30 ya uzito mkavu kwa mwaka mzima, ikijulikana kwamba kiasi hicho hushuka msimu wa baridi na kupanda msimu wa joto. Tahadhari ninayoisisitiza ni kwamba jicho hudanganya. Jani la klova limelala bapa na linatazama juu, wakati jani la nyasi limesimama wima, kwa hiyo malisho ambayo ukiyatazama kwa kusimama yanaonekana nusu yake au zaidi ni klova huwa na takriban asilimia 30 tu kwa uzito. Afadhali kukata eneo dogo, mraba wa nusu mita kwa nusu mita, kutenganisha klova na nyasi kwa mkono, kukausha mafungu mawili na kuyapima. Ni kazi ya asubuhi moja, na ikirudiwa sehemu sita au saba za shamba humaliza ubishi.

Ndani ya ng'ombe, sifa za klova ni za kweli. Majani yake yana nyuzinyuzi chache kuliko nyasi, humeng'enywa upesi, hupisha nafasi tumboni, na ng'ombe hurudi kula mapema. Mnyama anayekula zaidi hukamuliwa zaidi, na hapo ndipo yalipotoka maziwa ya mfugaji wetu wa kwanza. Faida nyingine ni kwamba ubora wa klova nyeupe haushuki haraka mmea unapokomaa, kwa kuwa mifugo hula majani na vikonyo vipya huku shina likibaki chini, tofauti na nyasi ambazo zikitoa maua hugeuka kuwa vijiti. Ina kalisi na magnesi nyingi kuliko nyasi nyingi za malisho. Protini yake ghafi kwa kawaida ni zaidi ya asilimia 20 ya uzito mkavu, na hapo nitrojeni huanza kuonyesha upande wake wa pili. Vijidudu vya rumeni, yaani tumbo la kwanza, huivunja protini hiyo haraka na kutoa amonia. Kukiwa na nishati ya kutosha kwenye chakula, vijidudu huitumia amonia kujijenga. Nishati ikipungua, amonia huzidi, huenda kwenye ini, hugeuzwa urea, na hutolewa kwa mkojo, sehemu yake ikionekana hata kwenye maziwa. Kwa hiyo ng'ombe anayelishwa klova nyingi hufaidi zaidi akiongezewa chakula chenye wanga, kama vile nafaka au sileji ya mahindi, kuliko akiongezewa mashudu yenye protini ambayo tayari anayo ya kumzidi. Nimewaona wafugaji wakinunua protini kwa bei kubwa na kuwapa ng'ombe waliosimama kwenye klova iliyofika magotini, na inasikitisha, kwa sababu fedha hizo zinaishia kwenye mkojo.

Kisha kuna kifo. Gesi tumboni mwa ng'ombe ni jambo la kila saa. Uchachushaji wa rumeni hutoa kaboni dioksidi na methani kwa wingi, na mnyama mzima huzitoa kwa kupiga mbweu. Anapokula klova changa kwa pupa, seli laini za majani hupasuka na kumwaga protini zinazoyeyuka, nazo huufanya ujiujiu wa rumeni utoe povu zito kama la sabuni. Gesi haipotei, imefungwa ndani ya maelfu ya viputo, na tundu la kupitishia mbweu limezibwa na povu. Tumbo hutanuka. Dalili ya kwanza ni kwenye kibonde kilicho ubavu wa kushoto, kati ya mbavu ya mwisho na nyonga: kwanza hujaa, kisha hutuna, kisha huinuka kuzidi uti wa mgongo. Ng'ombe huacha kula, hujipiga teke tumboni, hulala na kuinuka, hupumua mdomo wazi na ulimi nje. Rumeni iliyotanuka husukuma kiwambo na kubana mapafu, na mnyama anaweza kufa ndani ya saa chache, wengine chini ya saa moja. Anayekuta hali hiyo awaondoe wote malishoni mara moja na kumwita daktari wa mifugo. Dawa za kuua povu na mafuta ya mimea yanayonyweshwa kwa uangalifu yasiende kwenye mapafu huvunja viputo na kuiachia gesi. Kutoboa ubavu kwa trokari, kifaa chenye ncha kali na mrija wa kutolea gesi, ni jambo la dharura ya mwisho, na kwa uvimbe wa povu mara nyingi hakusaidii sana, kwa kuwa povu halipiti kwenye tundu jembamba.

Kuzuia ni rahisi kuliko kuponya. Hatari kubwa ni njaa. Ng'ombe aliyetoka kukamuliwa akiwa na tumbo tupu, akafunguliwa kwenye klova changa yenye umande, hula kwa kasi asiyoweza kuimudu. Apewe kwanza hei au nyasi kavu ashibe kiasi, afunguliwe jua likishakausha majani, na siku za mwanzo akae humo muda mfupi, uongezwe kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili. Ukanda mwembamba wa malisho uliotengwa kwa uzio na kusogezwa kila siku humlazimisha ale na nyasi pia, asichague klova peke yake. Siku za hatari, dawa za kuzuia povu zinaweza kutiwa kwenye maji au chakula kwa maelekezo ya daktari. Malisho yenye klova chini ya nusu yana hatari ndogo zaidi, japo hayana kinga kamili. Inafaa kujua kwamba si mikunde yote huleta povu: Lotus corniculatus, mmea wenye maua ya njano unaoota pia malishoni, una tanini zinazozishika protini hizo, nao hauvimbishi.

Upandaji hauna maneno mengi, ila una mahali pa kukosea. Kilo moja ya mbegu za klova nyeupe ina mbegu zaidi ya milioni moja, kwa hiyo kilo 2 hadi 4 kwa hekta zikichanganywa na mbegu za nyasi zinatosha. Mbegu ndogo hivyo haina akiba ya kuisukuma kutoka chini. Ikizikwa zaidi ya sentimita moja, nyingi hazitoki. Udongo wenye tindikali ya chini ya pH 5.5 huzuia klova na bakteria wake kwa pamoja, na hapo chokaa hutangulia mbegu kwa miezi kadhaa. Fosforasi na potasiamu zisikosekane, kwani mizizi ya nyasi ni hodari zaidi kuzichota, wala molibdenamu isisahaulike, maana imo ndani ya kimeng'enya kinachonasa nitrojeni. Mahali ambapo klova haijawahi kuota, mbegu ipakwe rizobia wa klova hasa. Wale wa maharage au wa lusini hawaifai. Ipakwe kivulini na ipandwe siku hiyo hiyo, kwa sababu jua huwaua bakteria kabla hawajafika ardhini.

Klova nyekundu ina mambo yake mawili ya kuelezwa. Kimeng'enya kilichomo katika majani yake huizuia protini isivunjike ovyo ndani ya sileji, na sileji hiyo ikilishwa ng'ombe, mafuta ya maziwa huwa na omega-3 zaidi. Kwa upande mwingine, ina kemikali zinazofanana na homoni ya kike. Kondoo jike wakizila kwa wingi wakati wa kupandishwa hushika mimba kwa shida. Ng'ombe hawaathiriki sana kama kondoo, lakini mfugaji mwangalifu huwapa malisho mengine mitamba wanaokaribia kupandishwa.

Wadudu nao wamo. Kifukusi wa mizizi ya klova, ambaye buu wake hula vinundu vyenyewe, aligunduliwa Nyuzilandi mwaka 1996 na kuyapunguza sana malisho ya nchi hiyo iliyojenga ufugaji wake juu ya klova nyeupe, mpaka nyigu mdogo kutoka Ayalandi, anayetaga mayai ndani ya kifukusi huyo, alipoachiwa mwaka 2006 kumpunguza. Buu akishakula vinundu, mmea hunyauka kwa njaa ya nitrojeni, na mtu asiyechimba mizizi husingizia ukame.

Klova iliyopungua hairejeshwi lazima kwa kulima upya. Chagua kitalu kisichofunikwa na magugu, uache mifugo wakilishe chini kabisa, umwage mbegu juu ya udongo ulioonekana kati ya mashina ya nyasi, kisha uwapitishe ng'ombe siku moja au mbili wazikanyagie ardhini. Wakati mzuri ni mvua inapokaribia. Baada ya hapo usitie nitrojeni, na kila nyasi zinapofika urefu wa kuanza kutia kivuli, ingiza mifugo wachache kwa saa chache wazipunguze, wasibaki muda wa kung'oa miche. Baada ya wiki sita hivi piga magoti, uzifunue nyasi kwa vidole, na utafute majani matatu matatu yenye alama nyeupe ya hilali, kisha uchimbe mche mmoja na kukipasua kinundu chake.